Baibui la Pichani na Mkono wa Mama

Biashara ya mabaibui kwa njia ya simu imewaweka wauzaji wadogo wa Dar es Salaam na Mombasa baina ya vizazi viwili. Binti huridhika na picha ya Instagram, akalipa kwa M-Pesa, huduma iliyoanza Kenya mwaka 2007 na Tanzania 2008. Mama hatoi fedha mpaka alipapase vazi. Akilikataa, nauli ya bodaboda humwangukia muuzaji.

Hatumlaumu mama. Katika fiqhi ya Kishafii, iliyozoeleka pwani yetu, kauli yenye nguvu haijuzishi kuuza kitu mahususi kisichoonekana. Inajuzisha salam: bei hulipwa yote mwanzoni, sifa zikatajwa bayana. Basi muuzaji na aandike aina ya kitambaa, urefu na rangi halisi. Vazi lisipoafiki, mnunuzi anayo haki ya kulikataa, awe binti au mama.