Kuondoa Gundi Katika Miwani ya Kunyunyizia Dawa

Miwani ya plastiki ambayo mkulima huvaa anaponyunyizia dawa kahawa, nyanya au viazi ni ngao ya macho yake. Lakini mara nyingi huchafuka kwa gundi: pengine ni ya kibandiko cha bei, pengine ni tone la supaglu lililoanguka mkanda ulipokuwa ukitengenezwa. Mtu asiyeona vizuri huivua miwani katikati ya kazi, na hapo ndipo dawa humwingia machoni. Kwa hiyo yafaa ujue namna ya kuisafisha bila kuiharibu.

Kwanza elewa kwamba plastiki si kioo. Kioo hakidhuriki kwa petroli, wala kwa asetoni iliyomo katika maji mengi ya kuondolea rangi ya kucha. Lakini plastiki ngumu za kuonea, yaani akriliki na polikaboneti, hulainika zikiguswa na vitu hivyo. Huwa nyeupe kama maziwa au huingia nyufa ndogo ndogo, wala haziwi safi tena. Basi usitumie petroli, thina wala asetoni. Hata spiriti huweza kuipasua akriliki.

Fanya hivi:

1. Vaa glavu, utumie karai lisilo la jikoni, maana miwani iliyokwisha kutumika huwa na dawa. Imwagie maji kwanza ili vumbi litoke. Ukisugua vumbi juu ya plastiki utaikwaruza.

2. Ikiwa ni gundi ya kibandiko, loweka miwani kwa nusu saa katika maji ya vuguvugu yenye sabuni. Usitumie maji yanayochemka, kwani huweza kuipinda. Kisha sukuma gundi kwa kidole.

3. Gundi ikibaki, tia tone la mafuta ya kupikia juu ya kitambaa laini cha pamba. Jaribu kwanza pembeni. Ukiona hakuna dhara, paka juu ya gundi, ngoja dakika 5, halafu sugua polepole.

4. Osha tena kwa sabuni mpaka mafuta yaishe, kwa sababu mafuta hushika vumbi. Acha ikauke kivulini.

Supaglu ni shida zaidi. Ikiwa mbichi usiipanguse, maana itaenea, ngoja ikauke. Kisha loweka miwani katika maji ya sabuni kwa saa kadhaa, ujaribu kuinua ukingo wa tone kwa ukucha au kadi ya plastiki. Usitumie kisu, msasa wala steelwool. Ikikataa, iache. Alama ndogo pembeni haizuii kazi, lakini miwani iliyofifia yote haifai. Alama ikiwa mbele ya jicho, nunua miwani mpya. Bei yake ni ndogo kuliko jicho.

Tena kumbuka kwamba mvuke wa supaglu huacha ukungu mweupe juu ya plastiki. Ukitengeneza mkanda, utoe kwanza katika miwani, tia gundi kidogo tu mahali penye hewa, na usiurudishe kabla haujakauka kabisa.

Mwisho, maji uliyooshea miwani usiyamwage karibu na kisima, mto au mahali mifugo inaponywa.