Fungu la Nyumba Litangulie Soko



Mwezi huu twataka kuzungumza nanyi habari ya chakula cha kila siku, maana liko jambo moja katika milima yetu ya Uluguru ambalo yatupasa kulifikiri kwa moyo mtulivu. Mwenyezi Mungu ametupa nchi yenye neema. Mgeta hutoa kabichi, karoti, njegere, maharage na viazi mviringo. Matombo, Kinole na Tawa hutoa ndizi, machungwa, mananasi na mafenesi, tena mdalasini, karafuu na pilipili manga. Alfajiri mama zetu hutelemka njia za mlimani na vikapu vichwani mpaka Soko Kuu la Chifu Kingalu mjini Morogoro, na magari hupakia mizigo ya Mgeta kwenda hata Dar es Salaam. Watu wa mijini hula vizuri kwa jasho letu.

Lakini katika nyumba zile zile zilizotoa mizigo hiyo, mara nyingi chakula cha jioni ni ugali mweupe na mchuzi mwembamba tu. Karoti zimekwenda, mayai yamekwenda, ndizi mbivu zimekwenda. Kilichobaki ni kile ambacho mnunuzi alikikataa. Wahenga walisema kweli: Mfinyanzi hulia gaeni. Yeye afinyangaye vyungu vya watu wote, mwenyewe hula katika kigae.

Wala jambo hili si dogo. Uchunguzi wa afya uliofanywa katika nchi yetu mwaka 2015 na 2016 ulionyesha kwamba katika kila watoto 100 walio chini ya miaka mitano, 34 walikuwa wamedumaa, yaani kimo chao hakikulingana na umri wao. Uchunguzi wa mwaka 2022 ulionyesha 30. Twamshukuru Mungu kwa kupungua huko, walakini watoto watatu katika kila kumi ni wengi mno. Tena mtoto aliyedumaa hakupungukiwa kimo peke yake. Akili yake nayo imekosa vitu vya kuijenga katika siku zile zile ilipokuwa ikijengwa. Sisi walimu twamjua mtoto huyo. Hukaa darasani kimya, hasahau kwa ubishi wala hasinzii kwa uvivu, na fimbo haiwezi kumpa kile alichokosa mezani.

Madaktari hutufundisha kwamba siku zilizo kubwa kuliko zote ni 1,000 za kwanza: siku 270 za mimba, na siku 730 za miaka miwili baada ya kuzaliwa. Aliyekosa chakula chema katika siku hizo ni vigumu kumrudishia baadaye. Kwa hiyo hatuwezi kusema, tutamlisha vizuri tukishamaliza kujenga nyumba. Bati litangoja, mtoto hangoji.

Basi tufanye nini? Desturi ya kwanza, ambayo ni mama wa nyingine zote, ni hii: kabla mzigo haujafungwa, fungu la nyumba litengwe. Ukichuma mafungu kumi ya mboga, moja libaki jikoni. Kuku wakitaga mayai kumi, mawili yabaki kwa ajili ya mtoto na mama mjamzito. Mkungu wa ndizi ukienda sokoni, chane moja ikae nyumbani. Nasi tunasema litengwe kabla ya kufunga mzigo, si baada ya kurudi sokoni, kwa sababu kirudicho kutoka sokoni kimenyauka.

Tunajua mtakalotujibu. Mtasema, fedha za sare na daftari zatoka wapi, kama si katika kikapu hicho? Neno hilo ni la haki, wala hatusemi msiuze. Lakini hesabuni vema. Mara nyingi fedha za lile fungu moja hurudi nyumbani zikiwa sukari, soda na maandazi, vitu visivyomjenga mtoto kama yai lile lililouzwa. Tena mtoto akiugua mara kwa mara, nauli ya kwenda zahanati na siku za kazi zilizopotea hula fedha nyingi kuliko bei ya mboga.

Hata Maandiko yatufundisha utaratibu huo. Katika Kitabu cha Mithali, mlango wa 31, mke mwema anasifiwa kwa kazi na biashara zake. Lakini angalieni mpango wa sifa hizo: kwanza huamka kungali usiku na kuwapa watu wa nyumbani mwake chakula, ndipo inapotajwa habari ya shamba na faida ya biashara. Mwanamke huyo ni mfanya biashara hodari, walakini nyumba yake haikuwa ya mwisho katika foleni.

Desturi ya pili ni kuchanganya. Ugali, ndizi na viazi hutia nguvu ya kufanya kazi, lakini havitoshi kujenga mwili. Katika kila chakula na kiwepo kitu cha kujenga, kama maharage, kunde, mbaazi, yai, dagaa au maziwa, na kitu cha kulinda, ndiyo mboga za majani na matunda. Watu wa Mgeta wamepata msaada mwema katika jambo hili: mwishoni mwa miaka ya 1980 Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine, kilicho Morogoro, kiliwapelekea mbuzi wa maziwa wa asili ya Norway, na ufugaji huo ulishika mizizi mlimani. Mwenye mbuzi wa namna hiyo asisahau kwamba kikombe cha kwanza ni cha mtoto wake aliyekwisha kutimiza mwaka, nacho kichemshwe kwanza.

Tena tusidharau mboga zetu za zamani. Vijana wengine huona aibu kula mchunga, mnavu, matembele na majani ya kunde au ya maboga, wakidhani ni chakula cha maskini, nao huitamani kabichi. Kabichi ni njema, lakini majani ya kijani kibichi kilichokoza yana vitamini nyingi kuliko jani jeupe, tena yana madini ya chuma yasaidiayo kutengeneza damu. Kadhalika viazi vitamu vyenye rangi ya chungwa ndani, na mapapai na maembe, hulinda macho ya watoto. Vitu hivi haviombi fedha nyingi. Vingine huota vyenyewe ukingoni mwa shamba.

Desturi ya tatu ni ya jikoni. Mboga ioshwe kwanza, ndipo ikatwe; ukiikata kisha ukailoweka, wema wake hutoka pamoja na maji. Ipikwe kwa maji kidogo, chungu kikiwa kimefunikwa, kwa muda mfupi. Mchuzi wake usimwagwe. Tia mafuta kidogo au karanga zilizotwangwa, maana vitamini ya macho huingia mwilini vema zaidi pamoja na mafuta. Kisha kamua ndimu juu yake, au ule chungwa baada ya chakula, nayo madini ya chuma yatafyonzwa vizuri. Chai, kinyume chake, huyazuia. Basi usinywe chai pamoja na mboga na maharage, ngoja kama saa moja.

Kisamvu peke yake kina sheria yake. Kitwangwe sana na kuchemshwa muda mrefu bila kukifunika, kwa kuwa majani ya muhogo yana sumu ambayo hutoka kwa kutwangwa na kwa mvuke.

Chumvi iwe ile yenye madini joto. Katika nchi za milima mvua huyaosha madini hayo katika udongo, ndiyo maana rovu la shingo lilikuwa likionekana sana milimani. Mtoto aliyeyakosa tumboni mwa mamaye aweza kuzaliwa na akili iliyofifia. Chumvi hiyo ifunikwe vizuri, itiwe chakula kinapokaribia kuiva, nayo iwe kidogo. Mtu mzima asipite kijiko kimoja cha chai kwa siku nzima, maana chumvi nyingi huleta shinikizo la damu. Tunavyo viungo vyetu wenyewe vya kuleta ladha. Kwa nini vyote viende kunukia katika jiko la mtu mwingine?

Desturi ya nne ni unga. Sembe nyeupe imevuliwa kiini na ganda, navyo ndivyo vyenye vitamini. Dona ni bora, na mashine haidai kukoboa. Lakini dona itoke katika mahindi makavu, safi. Katika milima yetu yenye ukungu na mvua, mahindi yaliyohifadhiwa yakiwa na unyevu hupata kuvu, na kuvu ile hutoa sumu iitwayo sumukuvu, ambayo kupika hakuiondoi. Mwaka 2016 sumu hiyo iliua watu katika mikoa ya Dodoma na Manyara. Basi anikeni mahindi juu ya turubai au kichanja, si juu ya udongo mtupu, na punje zilizooza msizile wala msiwape kuku.

Desturi ya tano ni bakuli la mtoto. Mtoto mchanga na anyonye maziwa ya mama peke yake mpaka atimize miezi sita, bila maji wala uji. Kisha aanzishiwe chakula, huku akiendelea kunyonya mpaka miaka miwili au zaidi. Uji wake uwe mzito ukae juu ya kijiko; ule utiririkao kama maji humjaza tumbo bila kumshibisha. Utiwe maziwa, au karanga zilizosagwa laini, au maharage yaliyopondwa. Na akianza kula chakula cha wakubwa, apewe bakuli lake mwenyewe. Katika sinia moja mkono mdogo hushindwa na mikono mikubwa, nasi hatujui amekula kiasi gani.

Hapa twataka kusema na akina baba. Katika nyumba nyingine nyama, yai na samaki humwendea baba kwanza, na mahali pengine mama mjamzito hukatazwa mayai kwa mwiko. Ndugu zetu, mama mwenye mimba anajenga mwili wa mtu mwingine ndani ya mwili wake. Ni nani mwenye haja kuliko yeye? Sisi Waluguru twahesabu ukoo kwa upande wa mama, na ardhi yetu imepita mikononi mwa akina mama tangu zamani. Basi aliye shina la ukoo asile makombo. Wala Kanisa halidai mfungo kwa watoto. Sheria yake ya mwaka 1983 yawahusu waliotimiza miaka 18 mpaka mwanzo wa mwaka wa 60, na mjamzito, anyonyeshaye na mgonjwa huachiliwa. Mtu asifiche uchoyo ndani ya Kwaresima.

Desturi ya sita ni usafi. Mikono ioshwe kwa sabuni na maji yanayotiririka kabla ya kupika, kabla ya kula na kumlisha mtoto, na baada ya kwenda chooni. Asiye na bomba na atengeneze kibuyu chirizi: galoni dogo lililotobolewa, kamba, na kijiti cha kukanyagia. Maji ya vijito vyetu ni meupe kwa macho, lakini juu yetu wako watu na mifugo, yachemsheni. Nao wanaonyunyizia mboga dawa ya wadudu wangoje siku zilizoandikwa kwenye chupa kabla ya kuchuma. Mlaji wa Dar es Salaam naye ni jirani yetu.

Mwisho, watu wazima wajitunze pia. Fedha ya mboga isiishie katika pombe. Togwa yetu isiyolevya yatosha kumburudisha aliyetoka shambani. Sukari ipunguzwe katika chai, usingizi utoshe, na waliopita miaka 40 waende zahanati kupimwa shinikizo la damu na kisukari, magonjwa ambayo huanza kimya kimya.

Kijana Danieli aliomba siku kumi tu ale mboga na maji badala ya vyakula vya mfalme, na mwisho wa siku hizo uso wake ulikuwa mzuri kuliko wa wenzake. Nasi twawaomba ninyi msifanye mambo yote haya kwa siku moja. Anzeni na fungu la nyumba. Walimu, limeni bustani ndogo shuleni, na mavuno yake yaliwe na watoto papo hapo kabla ya kufikiri kuyauza. Wazazi, wiki hii mkiamka kufunga mizigo, mulikeni taa jikoni kwanza, mtazame ni nini kimebaki humo kwa ajili ya wanaolala.

Mungu azibariki nyumba zenu na vyote vilivyomo.