Kupanda na Kushuka kwa Sauti katika Rekodi za Muziki

Wanafunzi wetu walipoandaa wimbo wa Siku ya Kiswahili Duniani, ambayo huadhimishwa kila tarehe 7 Julai, walikwenda kuurekodi katika studio ndogo hapa Kagarama, wilayani Kicukiro. Wimbo ulianza polepole kwa inanga na sauti ya msichana mmoja. Katika ubeti wa tatu ndipo ngoma na kwaya nzima vilipoingia, na wote tuliokuwamo studioni tulisisimka. Fundi alipotuuliza tunataka kazi iweje, tulimjibu: "Iwe na nguvu kama nyimbo za redioni." Akatutimizia. Tulipoisikiliza nyumbani, inanga ilisikika karibu sawa na ngoma, na ubeti wa tatu ulipofika hakuna aliyeshtuka. Kosa lilikuwa letu, nalo ndilo chanzo cha makala haya.

Masteringi ni nini?

Baada ya sauti za waimbaji na ala kurekodiwa na kuchanganywa, hubaki hatua ya mwisho iitwayo masteringi. Hapa wimbo husawazishwa kwa ujumla wake kabla ya kutolewa kwa wasikilizaji. Katika hatua hii mambo mawili hayana budi kutofautishwa. La kwanza ni ukubwa wa sauti, yaani wastani wa nguvu ya wimbo mzima. La pili ni kupanda na kushuka kwa nguvu hiyo, yaani tofauti iliyopo kati ya sehemu tulivu na sehemu za kishindo. Mwanafunzi wa isimu asichanganye jambo hili na kiimbo. Kiimbo huhusu kidatu cha sauti. Hapa tunazungumzia nguvu yake.

Kwa nini mambo hayo mawili hugombana?

Rekodi ya kidijitali ina dari, nayo ni desibeli 0. Sauti ikijaribu kuipita dari hiyo hukatwa kilele na kuanza kukwaruza. Ndiyo maana vipimo vyote huandikwa kwa alama ya kutoa, chini ya sifuri. Ngoma ikiwa imekwisha karibia dari, huwezi kuinua wimbo wote bila kwanza kuiinamisha ngoma. Kazi hiyo hufanywa na kompresa.

Tuchukue mfano. Ngoma inafika desibeli -8 na inanga iko -26. Tofauti ni desibeli 18. Fundi anaipanga kompresa ianze kazi kwenye -20 kwa uwiano wa 4 kwa 1, maana yake kila desibeli 4 zinazozidi mpaka huo zitoke 1 tu. Ngoma iliyozidi kwa 12 sasa inazidi kwa 3, kwa hiyo inashuka hadi -17. Inanga haikuguswa. Kisha fundi anapandisha wimbo wote kwa 9: ngoma inarudi -8, inanga inapanda hadi -17. Tofauti iliyokuwa 18 imekuwa 9. Sikio huhisi ongezeko la takriban desibeli 10 kuwa sauti imekua maradufu, hivyo hasara hiyo si ndogo. Pamoja na inanga hupanda pia pumzi za mwimbaji, mvua juu ya mabati na mlio wa pikipiki nje ya dirisha.

Hatusemi kompresa iachwe. Anayesikiliza kwa simu ndani ya basi hawezi kusikia sehemu iliyo tulivu mno. Kiasi ndicho kinachotakiwa.

Mashindano yaliyopoteza maana

Katika miaka ya 1990 na 2000 watoaji wa nyimbo walishindana kuzifanya rekodi zao zisikike kubwa kuliko za wengine. Mwaka 2008 albamu ya Metallica iitwayo Death Magnetic ililalamikiwa na mashabiki wenyewe kwa kubanwa kupita kiasi. Leo mashindano hayo hayana faida kubwa, kwa kuwa huduma za muziki za intaneti husawazisha nyimbo zenyewe. Spotify, kwa mpangilio wake wa kawaida, hulenga wastani wa LUFS -14, kipimo cha ukubwa wa sauti kama sikio linavyousikia. Wimbo uliobanwa hadi -8 hushushwa kwa desibeli 6. Ukubwa alioutafuta mwenye wimbo huondoka, na kupanda na kushuka alikokutoa sadaka hakurudi.

Jambo hili lamhusu nini mwalimu wa lugha?

Sisi pia hurekodi mazoezi ya kusikiliza. Mwanafunzi anapotakiwa kutofautisha barabara, njia ya magari, na barabara yenye maana ya sawasawa, hutegemea mkazo. Mkazo hubebwa na nguvu, urefu na kidatu cha silabi. Rekodi iliyobanwa mno hupunguza tofauti ya nguvu, na mwanafunzi huulizwa jambo ambalo tumekwisha lififisha wenyewe.

Kwa hiyo tunashauri yafuatayo:

1. Hifadhi nakala ya wimbo au zoezi kabla ya masteringi. Kilichobanwa sana hakirejeshwi vizuri.
2. Mweleze fundi ni wapi wimbo unapaswa kutulia na wapi unapaswa kupaa.
3. Mwombe aache nafasi ya desibeli 1 chini ya dari.
4. Unapolinganisha nakala mbili, zisawazishe kwanza kwa kitufe cha sauti. Iliyo kubwa zaidi hulidanganya sikio kuwa ni bora.

Kwa bahati nzuri, fundi wetu alikuwa ameihifadhi nakala ya awali. Tulirudi tukamwomba aibane kidogo tu. Wimbo uliotoka ulikuwa mdogo zaidi wa sauti, tukaongeza wenyewe kwa kitufe cha redio. Msichana akaimba peke yake na inanga, na ngoma zilipoingia watu chumbani waliinua vichwa.