Bei na Gharama: Kitambaa cha Eldoret Mizanini

Wahenga walinena, "Rahisi ghali." Methali hii hubainisha kwamba bei na gharama si mamoja. Bei hutajwa na muuzaji. Gharama ni jumla ya yote anayoyatoa mnunuzi hadi kitu kimfikie mkononi. Tofauti hiyo ndiyo kiini cha swali linaloukabili mji wa Eldoret: kitambaa kifumwe papo hapo, au kiagizwe kutoka Asia?

Kiwanda cha Rivatex kilianzishwa mjini humo katika miaka ya 1970. Soko lilipofunguliwa katika miaka ya 1990, mitumba na vitambaa vya nje vilifurika, na hatimaye kiwanda kikafungwa. Chuo Kikuu cha Moi kilikinunua mwaka 2007, na mwaka 2019 kikazinduliwa upya kikiwa na mitambo ya kisasa.

Ichukuliwe, kwa mfano tu, kwamba kufuma mita moja ya kitambaa hugharimu shilingi 200 Eldoret na shilingi 130 ng'ambo. Akiba inayoonekana ni shilingi 70. Hata hivyo, kitambaa cha ng'ambo hulipiwa nauli ya meli, bima, ushuru na ada za bandari ya Mombasa, kisha husafirishwa kwa lori takribani kilomita 800. Malipo hayo yakifikia shilingi 55, akiba husalia 15. Isitoshe, fedha za mwagizaji hulala baharini kwa wiki kadhaa, na kasoro ikigunduliwa, mzigo haurudishiki kwa urahisi. Nauli nayo haitabiriki: uhaba wa makontena wa 2020 na 2021 uliipandisha mara kadhaa, na akiba ndogo kama hiyo ikamezwa yote.

Hata hivyo, ukaribu pekee haumwokoi mfumaji wa nyumbani. Kilimo cha pamba kilipodorora nchini Kenya, viwanda vililazimika kuagiza malighafi kutoka nchi jirani. Gharama ya uchukuzi iliyofukuzwa mlangoni ikaingilia dirishani. Umeme ghali na mitambo mikuukuu vilizidi kuupandisha mzani.

Kwa hiyo, nguvu ya Eldoret haina budi kuanzia shambani. Pamba hustawi katika Bonde la Kerio, jirani kabisa na mji huo. Mkulima wa huko akipata mbegu bora na kulipwa kwa wakati, safari ya pamba itafupika, na ajira ya mfumaji itakuwa na msingi imara.