«Mbube»: safari ya wimbo mmoja kutoka Kizulu hadi Kifaransa

Wanafunzi wengi wa fasihi simulizi hudhani kwamba mwanamuziki anayerudia wimbo wa mwenzake ameusikiliza wimbo wenyewe. Mara nyingi sivyo. Yeye amesikiliza marudio yaliyomtangulia, na ajaye nyuma yake atasikiliza marudio ya marudio. Katika makala haya twataka kuonyesha jambo hilo kwa mfano wa wimbo ambao wasomaji wetu wengi waliosoma kwa Kifaransa wanaujua: «Le lion est mort ce soir».

Asili yake ni Johannesburg, mwaka 1939. Solomon Linda, Mzulu, aliurekodi pamoja na kikundi chake, Original Evening Birds, katika studio ya kampuni ya Gallo. Wimbo uliitwa «Mbube», yaani simba. Waimbaji wa sauti nzito walirudia maneno yale yale, naye Linda akapaa juu yao kwa sauti nyembamba. Walipourekodi mara ya tatu alibuni papo hapo kipande kifupi cha muziki, nacho ndicho kilichopata kuzunguka dunia. Haki za wimbo, kama inavyosimuliwa, aliiachia kampuni kwa shilingi 10.

Baadaye Mmarekani Alan Lomax alimpatia mwenzake Pete Seeger santuri hiyo. Seeger hakujua Kizulu, aliandika alichosikia. Hapa yafaa tusimame kidogo, kwani msemaji wa lugha ya Kibantu aweza kutambua kilichotokea. Katika Kizulu, imbube ni simba. Ukitaka kumwambia mtu kwamba yeye ni simba, hutanguliza u- ya nafsi ya pili, kisha yi- inayofanya kazi ya «ni» yetu: uyimbube. Ni sentensi kamili katika neno moja. Katika sikio la Seeger ikawa «Wimoweh», na kikundi chake, The Weavers, kikaupa wimbo jina hilo kilipourekodi mwaka 1951. Kiambishi, kiungo na shina vikayeyuka pamoja; ikabaki sauti isiyo na maana.

Kosa kama hili laweza kusahihishwa na yule anayerudi kwenye chanzo. Miriam Makeba alifanya hivyo mwaka 1960, akauimba kwa jina lake la «Mbube». Lakini The Tokens, vijana wa New York, hawakumfuata Makeba wala Linda. Waliwafuata The Weavers. Mwaka 1961 George Weiss aliwatungia maneno ya Kiingereza, ambamo simba amelala usiku katika msitu. (Mkongomani atashangaa: simba wetu wako Virunga na Garamba, kwenye mbuga za nyasi, wala si katika msitu mkubwa wa ikweta.) «Wimoweh» ikabaki nyuma ya maneno hayo kama mapambo tu.

Mwaka 1962 Henri Salvador akawafuata The Tokens kwa Kifaransa, na kwake simba hakulala tena bali amekufa. Mwaka 1992 kikundi cha Pow woW kikamfuata Salvador, kikashika nafasi ya kwanza nchini Ufaransa. Basi mtu aliyeambiwa kwamba yeye ni simba ametoweka kabisa katika wimbo.

Tukio hili si la lugha peke yake. Linahusu fedha pia. Santuri ya The Weavers ilitaja mtunzi «Paul Campbell», jina la kubuni la kikundi chenyewe. Linda alifariki maskini mwaka 1962. Filamu ya «The Lion King» ya 1994 ilipoutumia wimbo huo, jamaa zake bado walikuwa katika ufukara. Mwaka 2004 mashtaka yalifunguliwa Afrika Kusini dhidi ya Disney, kwa kutegemea sheria ya Uingereza ya 1911 iliyorudisha haki za mtunzi kwa warithi miaka 25 baada ya kifo chake. Mwaka 2006 pande zote zilipatana: warithi wakapewa sehemu ya mapato, na Linda akatambuliwa kuwa mmoja wa watunzi. Maneno yenyewe hayakuguswa na mapatano hayo, na wengi wanaouimba hadi leo huimba «Wimoweh».