Msitu wenye majina mawili: somo la shule ya Monteverde

Tukizungumza juu ya elimu ya lugha mbili, huwa tunauliza kwanza: lugha zipi? Swali zito zaidi ni hili: kila lugha inaachiwa kusema juu ya nini?

Monteverde iko milimani nchini Kosta Rika, penye msitu wa ukungu. Mwaka 1951 familia za Wakweka kutoka Alabama, Marekani, zilihamia huko, zikivutiwa na nchi iliyofuta jeshi lake mwaka 1948. Wenyeji walisema Kihispania, wageni Kiingereza. Baadaye wakaja watafiti na watalii. Mwaka 1991 wazazi wa hapo wakaanzisha Centro de Educación Creativa, shule ya lugha mbili ambamo msitu wenyewe ni darasa: wanafunzi hupanda miti na kujifunza kutunza ardhi.

Kwa mwanaisimu, faida ni wazi. Kitu kinachotajwa kiko mbele ya macho, hivyo mtoto hahitaji kutafsiri; anaunganisha majina mawili na mmea mmoja anaoushika mkononi.

Lakini msitu peke yake hautoshi. Wallace Lambert, aliyechunguza darasa la Saint-Lambert huko Québec lililoanza mwaka 1965, alitofautisha uwililugha unaoongeza na ule unaopunguza. Watoto wale wa Kiingereza walisoma kwa Kifaransa bila kupoteza lugha yao, kwa sababu ilikuwa na nguvu nje ya shule. Kihispania cha Monteverde nacho kina kinga hiyo: ni lugha ya serikali, ya magazeti na ya chuo kikuu.

Kiswahili chetu hakina kinga ya namna hiyo. Sheria-msingi ya elimu n° 14/004 ya mwaka 2014 inakubali lugha za taifa na za mazingira zitumike kufundishia. Hata hivyo, mara nyingi mtoto wa Kivu au Katanga anayejua mti shambani kwa lugha ya nyumbani hukutana nao tena darasani kama picha yenye maneno ya Kifaransa. Lugha ya kwanza inabaki na salamu na soko; ya pili inachukua mbegu, mizizi na udongo.

Kwa hiyo, kabla ya kuiga shule za namna hii, kuna kazi inayotuhusu sisi wa kitivo: kukusanya majina ya mimea na maelezo yake katika lugha zetu, ili mwalimu apate la kufundishia.