Chaja Iliyoua Simu ya Mwenzangu

Simu ya mwenzangu wa chumba ilikufa saa nne usiku, wiki mbili kabla ya kukusanya ripoti za utafiti. Haikuanguka wala haikuingia maji. Chaja yake alikuwa ameiazimisha chumba cha jirani, akaichomeka simu kwenye ile mpya niliyonunua mimi. Skrini iliwaka mara moja, ikazima, kisha ikaja ile harufu ya plastiki ya kuungua. Ndani ya simu kulikuwa na sauti za mahojiano aliyofanya Kilosa na wakulima na wafugaji, na hakuwa ameyahifadhi pengine popote. Fundi wa kwanza alisema ubao umeungua. Wa pili alisema hivyohivyo, ila yeye alitutoza elfu tano ya kufungua.

Chaja ile niliinunua kwa ajili ya gemu. Tangu siku hiyo watu kadhaa wa hosteli wamenifuata kuniuliza, "Sasa mtu anunue chaja gani?" Nimeeleza mara nyingi kwenye ngazi na kwenye foleni ya chakula, bora niandike mara moja.

Mashine yenyewe ni Nintendo Switch, ile iliyotoka mwaka 2017, niliyoachiwa na binamu yangu alipokuja likizo kutoka Muscat. Kwa asiyeijua, unaweza kuicheza mkononi kama simu kubwa, au ukaitumbukiza kwenye kitako chake cha plastiki, yaani doki, nayo doki ikapeleka picha kwenye TV. Siku za Jumamosi tulikuwa tunacheza watu wanane, wanne wanashindana na wanne wanasubiri huku wakitukana kwa upole. Jumamosi moja umeme ulikatika, ukarudi kwa kishindo, na adapta yake ikanyamaza. Nikajua imekufa. Nikaitupa. Kumbuka hilo la kuitupa, nitalirudia.

Nikaenda Kariakoo. Kaka wa dukani alinisikiliza, akaingia nyuma, akatoka na kiboksi cheusi kimeandikwa "15V 2.6A". "Bosi, hii ndiyo yenyewe, kama ya kiwandani." Elfu kumi na tano. Nikalinganisha na picha ya adapta ya zamani niliyokuwa nayo kwenye simu, namba zikafanana, nikalipa. Na kweli, doki iliwaka. Kwa wiki nzima nilijiona mjanja.

Kuelewa kosa liko wapi, inabidi tujue zile namba zinasema nini. Fikiria simtanki juu ya paa. Volti ni ule msukumo wa maji kutokana na urefu wa tanki, na ampea ni kiasi cha maji kinachopita bombani. Zidisha moja kwa nyingine unapata wati. Adapta halisi ya Switch, yenye namba ya modeli HAC-002, ina mistari miwili kwenye lebo upande wa kutoa umeme: 5V kwa 1.5A, na 15V kwa 2.6A. Huo wa pili ni wati 39, na ndio doki inaouhitaji ili ipeleke picha kwenye TV. Upande wa kuingiza imeandikwa 100 hadi 240V, kwa hiyo hata kama mashine yako imetoka Japani, ambako umeme wa ukutani ni 100V, huhitaji transfoma. Unahitaji tu kichwa cha kuingia kwenye soketi zetu za pini tatu.

Watu wengi wanaogopa ampea kuliko volti, wakati inatakiwa iwe kinyume. Ampea za kwenye chaja ni uwezo tu. Chaja ya 3A haisukumi 3A kwenye kifaa, kifaa ndicho kinachovuta kinachokitaka, kama wewe unavyofungulia bomba kadiri ya ndoo yako. Ampea zikizidi hakuna tatizo, zikipungua kifaa kinagoma au chaja inachemka. Lakini volti haichagui. Ukiipeleka nyingi kuliko kifaa kilivyojengwa, inaunguza.

Sasa utauliza, kama volti inaunguza, inakuwaje adapta moja ina 5V na 15V kwenye waya uleule? Jibu ni mazungumzo. Tundu lile la duaradufu, USB-C, lina pini maalumu ambazo chaja na kifaa huongea kupitia hizo kwa utaratibu unaoitwa Power Delivery, au PD. Ni kama kwa mama ntilie. Hakuna anayekuwekea sahani kabla hujakaa. Unakaa, anakutajia alichonacho, unaagiza, ndipo anapakua. Chaja ya PD ikiwa haijachomekwa kwenye kitu, waya wake hauna umeme. Ikigundua kuna kifaa inaanza na 5V, ambayo ni salama kwa karibu kila kitu, halafu inataja orodha yake: nina 9, nina 15, nina 20. Simu inaagiza 9. Doki ya Switch inaagiza 15. Kifaa kisichojua kuagiza kinabaki na 5V yake kwa amani.

Kile kiboksi changu cha Kariakoo hakikuwa na mazungumzo yoyote. Jamaa mmoja wa uhandisi wa umeme, mwaka wa tatu, alikuja na kipimo kidogo cha USB-C chenye kioo kinachoonyesha volti, akakichomeka. Bila kifaa chochote mbele yake, kikaonyesha 15 palepale. Akacheka, halafu akaona uso wa mwenzangu akaacha. Huyo ni mama ntilie anayekumwagia uji wa moto mikononi kabla hujashika kikombe. Doki ilivumilia kwa kuwa 15 ndiyo ilikuwa inaitaka. Simu ilitaka 5, ikapewa mara tatu yake.

Kwa hiyo lebo haikudanganya kabisa. Ilisema 15V na 2.6A, na kweli ilitoa. Kilichokosekana ni ule mstari mwingine wa 5V, na hilo ndilo jambo la kwanza ninalowaambia watu siku hizi: chaja ya USB-C yenye volti moja tu kwenye lebo, tena kubwa, usiiguse. Iache hapohapo kwenye kaunta hata kama muuzaji anakuita mheshimiwa. Ziweke kundi moja na zile chaja za laptop za kichwa cha duara zilizofungwa kiunganishi cha USB-C mbele.

Unachotafuta ni chaja ya PD yenye wati 45 au zaidi, na usiishie kwenye namba ya wati. Geuza, tafuta maandishi madogo, hata ukimulika na tochi ya simu, uone kama kuna 15V yenye ampea 2.6 kwenda juu. Chaja ya kawaida ya wati 45 itakuwa na orodha kama hii: 5V 3A, 9V 3A, 15V 3A, 20V 2.25A. Hapo 15V ipo na ampea zinatosha. Ya wati 30 ina 15V, ila 2A tu, na doki itaikataa. Konsoli yenyewe ukiichomeka moja kwa moja kwenye chaja hiyo itajaa vizuri, sema TV itabaki nyeusi, na hapa ndipo wengi wanaposema doki imekufa. Haijakufa, imenyimwa. Vivyo hivyo chaja ya simu ya "fast charge". Inaweza kuwa na namba ya wati ya kutisha na isiwe na 15V kabisa.

Ukubwa peke yake haukuokoi. Apple waliwahi kutoa chaja ya MacBook Pro ya wati 61, kitu kizuri, cha bei, na lebo yake inatoka 9V ikaruka hadi 20V. Kwa doki ya Switch, chaja hiyo yenye uwezo wote huo haina chakula chake kwenye orodha. Na zile zenye matundu mawili au matatu zina tabia yao: ukichomeka kifaa cha pili, chaja inagawa upya wati zake, umeme unakatika sekunde moja, na mchezo unatoka kwenye TV ukiwa ndio unaongoza. Tundu moja linatosha. Nasema kwa uchungu.

Waya nao una makosa yake. Chagua wa USB-C pande zote mbili, kwa sababu ule wa USB ya zamani upande mmoja haupitishi mazungumzo ya PD. Wenye uwezo wa 3A unatosha. Na waya mbaya unaua kama chaja mbaya: mhandisi wa Google, Benson Leung, ambaye alikuwa akipima waya za USB-C zinazouzwa mtandaoni, mwanzoni mwa mwaka 2016 alichomeka mmoja ambao ndani yake nyaya za umeme ziliunganishwa kinyumenyume, na kompyuta yake, Chromebook Pixel, ikaharibika. Mtu ambaye kazi yake ni kujua. Sisi je, tunaokagua kwa kupima uzito mkononi?

Ingawa uzito nao ni kidokezo, nisiudharau. Kiboksi changu kilikuwa chepesi kama ganda la yai. Ndani ya chaja nzuri kuna transfoma ndogo, vichujio, na nafasi iliyoachwa makusudi kati ya upande wa 230V ya ukutani na upande wa waya unaoushika wewe. Nafasi hiyo ndiyo inayokutenganisha na umeme wa ukutani. Bandia inaibana ili kuokoa gharama. Mwaka 2016 kampuni ya UL, inayopima usalama wa vifaa vya umeme, ilipima chaja bandia 400 za iPhone, na tatu tu ndizo zilizovuka kipimo cha kuzuia umeme wa ukutani usipenye. Si suala la gemu tena hapo, ni suala la mtu kushika waya akiwa ametoka kuoga na miguu ina maji. Na usitulizwe na alama zilizochapwa kwenye boksi. Anayeweza kughushi chaja nzima hashindwi na wino. Mimi sasa nanunua kampuni ya vifaa vya simu inayojulikana, kwenye duka linalotoa risiti na linalokubali kurudishiwa. Bei yake ilikuwa zaidi ya mara tatu ya ile ya kwanza.

Ukipata adapta halisi ya Nintendo iliyotumika, chukua, ndiyo bora kuliko zote, ilimradi waya wake haujachubuka shingoni. Toleo la OLED linatumia hiyohiyo. Switch 2 iliyotoka mwaka 2025 ni habari nyingine: adapta yake ni ya wati 60, 20V kwa 3A, na adapta ya zamani haitoshi kuendesha doki mpya. Kuhusu doki za bei nafuu zisizo za Nintendo, mimi naziogopa kuliko chaja. Machi 2018, baada ya sasisho la mfumo toleo la 5.0, wamiliki kadhaa waliokuwa wakitumia doki za kampuni nyingine walikuta konsoli zimezima moja kwa moja.

Ile ya kuitupa adapta. Jamaa wa uhandisi, akiwa anafungasha kipimo chake, aliniuliza kama ya zamani niliichomoa pande zote mbili, ukutani na kwenye doki, nikaiacha angalau sekunde 30 kabla ya kuirudisha. Sikufanya hivyo. Ndani yake kuna kinga, umeme ukija vibaya inajifunga, na inahitaji kuchomolewa kabisa ili ijifungue. Nintendo wenyewe wanashauri hivyo kabla ya kununua nyingine. Huenda yangu ilikuwa nzima. Nilikwenda hadi kwenye pipa la nyuma ya hosteli kesho yake asubuhi, na gari la taka lilikuwa limeshapita.

Sasa hivi doki inakaa juu ya meza, si kitandani, na imechomekwa kupitia kile kifaa cha kulinda TV na friji, ambacho umeme ukirudi kinasubiri kwanza utulie ndipo kinaruhusu. Haishiriki ekstensheni na birika la mtu. Nikiondoka chumbani nachomoa.

Simu ya mwenzangu nililipa kwa awamu mbili, boom lilipoingia na lilipoingia tena. Mahojiano hayakurudi. Alipanda basi kwenda Kilosa upya, nauli nikachangia, na wazee wawili kati ya aliowahoji mwanzo walikuwa wamehamisha mifugo hawakupatikana, kwa hiyo ripoti yake ina sura moja fupi kuliko alivyotaka. Chaja mpya ya wati 45 inaweza kuchaji simu yake bila shida yoyote, nimemwonyesha kwenye kipimo, 5V, halafu 9V, kila kitu kwa utaratibu. Ananisikiliza mpaka mwisho, anasema, "Sawa kaka, nimeelewa," kisha anachukua simu yake na kwenda kuichaji chumba cha jirani.